Yudith Aliyekalia Shoka la Mtani Wake

Mwaka ule baada ya njaa, sisi tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa huku upande wa Rangwi tulibaki na debe moja la mbegu ya mahindi. Tulilipanda lote kwenye shamba la kijiji, chini ya msitu, na mlinzi akawekwa jirani yangu Yudith, mjane mwembamba kama mpini. Zikiliwa zile, hakuna nyingine.

Adui alikuwa kindi. Nyinyi mnamwona mzuri, na mkia wake wa manyoya. Mimi nimemwona akifuata mstari, akifukua mbegu shimo kwa shimo bila kukosea, kama aliyekuwepo siku ya kupanda, kisha akafukia asijulikane. Kipanga je? Ndege mdogo, hamzidi njiwa, ila jicho baya. Huyo alikuwa na kiota juu ya mti wa mshai pembeni mwa shamba. Anaiba vifaranga, kweli, lakini kindi akimwona hashuki mtini.

Vifaranga vyenyewe vilikuwa vya Tobia, mwenyekiti wetu. Cha tatu kilipokwenda, akaja na shoka, sisi nyuma yake.

"Yudith, sogea. Mti unaanguka leo."

"Kipanga anakula kifaranga kimoja. Kindi anakula mstari mzima. Hesabu, mwenyekiti."

"Nimesema sogea."

Akapiga mara moja. Kipanga akaruka akilia. Papo hapo kindi wawili wakateremka shambani, mbele ya macho yetu. Tobia akaweka shoka chini ateme mate viganjani, Yudith akalivuta, akalikalia.

Tobia ni mtoto wa mjomba wake, yaani mtani. Na kwetu mtani akichukua kitu chako, ukikasirika umejiaibisha. Mishipa ya shingo ikamsimama Tobia.

"Mtani, nipe shoka."

"Njoo ulichomoe mwenyewe, watu waone."

Mmoja akacheka, tukacheka wote isipokuwa Tobia.

"Basi kaa," akasema. "Kaa mpaka uote mizizi."

Akakaa. Siku saba, mvua ikimnyeshea. Uji nilimpelekea mimi, na anayesema aliinuka hata mara moja, alikuwa wapi? Kila asubuhi Tobia alikuja, akasimama mbele yake, akaondoka. Kifaranga cha nne kikaenda, cha tano. Kipanga alisharudi juu. Kindi walibaki msituni wakigomba.

Siku ya nane mahindi yalikuwa na majani mawili mawili, hakuna tena cha kufukua. Yudith akainuliwa, miguu imekufa ganzi, akampa Tobia shoka kwa mikono miwili.

"Sasa kata, mtani."

Tobia akaitazama mistari, akatazama juu. Kisha akalitia shoka begani, akaenda kukata fito za banda la kuku.