Mpangaji wa Chumba cha Sita

Walimu wenzangu wanaokaribia kustaafu hunijia kuniuliza habari za nyumba za kupangisha. Wamesikia kwamba nina nyumba ya vyumba sita upande wa Mazimbu, na wanajua nilianza bila kujua lolote. Huwaambia yale ya kawaida. Usiione nyumba kiangazi peke yake. Rudi mvua inyeshe, maana milima ya Uluguru ikishusha maji ndipo utajua ukuta upi unayanywa. Uliza kuna mita ngapi za umeme, kwa sababu wapangaji sita kwenye mita moja hawakosi ugomvi. Andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Halafu naongeza neno ambalo wengi hulipita haraka: kabla hujatoa hela, gonga kila mlango uone sura ya anayekaa ndani. Wakitaka kujua kwa nini nalishikilia sana hilo, huwa nabadilisha mazungumzo.

Nilipopata kiinua mgongo, kila mtu alikuwa na ushauri. Shemeji yangu alitaka ninunue bajaji mbili. Mimi nilitaka kitu kisichotembea. Dalali akanipeleka kwenye nyumba hiyo: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, bafu na choo uwani. Mwenyewe alikuwa mzee aliyekuwa anahamia Dar es Salaam kwa watoto wake. Bei ilikuwa nzuri na mzee hakuwa na maneno mengi. Alinifungulia vyumba vitano, nikakagua dari, nikapigapiga kuta kwa ngumi kama nilivyoona wengine wakifanya. Tulipofika cha sita, cha mwisho kabisa karibu na mlango wa uwani, alipita bila kusimama. Nje ya mlango kulikuwa na ndala mpya za bluu, zimepangwa sambamba.

"Hicho kina mtu," alisema. "Ndiye atakuwa mpangaji wako bora. Hachelewi kodi, hafungulii redio, hagombani. Wewe usimsumbue tu."

Nilifurahi. Nani asingefurahi? Nikanunua nyumba bila kuona chumba cha sita.

Jumamosi ya kwanza baada ya kukabidhiwa, alikuja mwanamke wa umri kama wangu, amebeba furushi la ndizi kichwani. Alikuwa ametoka Matombo alfajiri. Tulisalimiana, akaniambia ameleta kodi ya kijana wake wa chumba cha sita, miezi sita kwa mkupuo. Nilimpa stakabadhi na kumwambia kuwa sasa kila mpangaji atasaini mkataba mpya, kwa hiyo kijana aje anione.

"Nitamwambia, mwalimu," alijibu. Akatoa ufunguo, akapiga hodi, akangoja kidogo, ndipo akafungua na kuingia. Nilimsikia akifagia na kuongea kwa sauti ya chini, Kiluguru kitupu, kama mama anayemsimulia mtoto habari za nyumbani. Sikusikia mtu akimjibu. Nilidhani kijana ni mpole.

Mama aliendelea kuja kila Jumamosi na chakula, lakini kijana hakuja kuniona. Nikapitisha mkataba chini ya mlango. Siku mbili baadaye niliinama kuchungulia upenyo ule, karatasi haikuwepo. Mama yake hakuwa amekuja katikati ya siku hizo.

Chumba cha kwanza alikaa fundi cherehani, mwanamke mchangamfu aliyeishi humo miaka mitano na ambaye kazi yake ilimweka barazani kutwa nzima. Nilimwuliza kaka wa chumba cha sita anafanya kazi gani. Alikata uzi kwa meno, akasema hajui. Nikamwuliza yukoje, mrefu, mfupi? Akasema hajawahi kumwona.

"Miaka mitano?"

"Nimezoea nyayo zake tu," alisema. "Kwenye saa tisa mchana hivi anatoka kwenda bafuni. Ukichungulia, korido tupu. Lakini tazama ndala. Asubuhi zinakuwa zimeangalia mlango, alasiri zinakuwa zimeangalia uwani, nyayo zake zimelowa."

Nilimwuliza kama haogopi. Alinijibu kwamba alipohamia aliogopa, akataka hata kudai kodi yake arudishiwe, lakini mtu asiyekudhuru utamwogopa mpaka lini? Wanafunzi wa chuo waliokaa vyumba vya katikati nao walikuwa wamefundishwa na waliowatangulia: wakipita mlango ule hupunguza sauti. Hakuna aliyelizungumza kama jambo la kutisha. Walilizungumza kama watu wanavyozungumzia jirani mgonjwa.

Mimi ni mtu wa kutafuta sababu. Nilijiambia kijana anafanya kazi za zamu, au ana maradhi anayoyaonea aibu, na mama yake anamficha. Lakini nilianza kuzitazama zile ndala. Siku moja nilifika saa nne, zikiwa zimeelekea mlangoni, kavu. Nikakaa barazani na fundi cherehani mpaka alasiri, na naapa hakuna aliyepita. Nilipokwenda kuziangalia, zilikuwa zimegeuka, na kwenye sakafu palikuwa na alama za maji kutoka bafuni hadi hapo. Nilirudi kwangu nikiwa nimekumbatia mkoba wangu kama nimeibiwa kitu.

Baada ya mvua za masika, taa za nyumba nzima zikaanza kupepesa na korido ikanuka waya ulioungua. Fundi umeme alifuata nyaya darini, akaniambia tatizo liko chumba cha sita na halingojei. Nilimpigia simu yule mama mara nyingi. Kule juu mtandao ni wa kubahatisha, hakupatikana. Ilikuwa Jumatano, alasiri, jua kali. Ufunguo wa akiba mzee alikuwa ameniachia. Niliuchukua, nikafungua mlango, tukaingia. Nyumba yangu, moto unanukia, sikuona la kufikiri.

Dirisha lilikuwa limefungwa, pazia limeshushwa. Kitanda cha futi tatu kimetandikwa, chandarua kimechomekwa vizuri. Shati jeupe lililopigwa pasi lilining'inia kwenye msumari. Juu ya stuli palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nilitarajia chakula kilichooza tangu Jumamosi. Nilipoinua kawa, sahani ilikuwa tupu, safi, na kando yake mkataba wangu umekunjwa mara nne.

Fundi alipanda ngazi akaanza kazi. Magoti yangu yana matatizo, nikakaa kitandani kumngoja. Nikainuka papo hapo. Shuka lilikuwa na joto, lile joto la mahali mtu alipolala akatoka sasa hivi.

Fundi hakujua lolote kuhusu chumba kile. Aligeuza kichwa akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwenye chumba ametoka tu? Naona taulo linachuruzika."

 Nilisimama mlangoni mpaka akamaliza, nikafunga, nikamlipa.

Jumamosi mama alikuja kama kawaida. Nilikuwa nimepanga kumweleza mwenyewe, lakini alinitangulia kufika. Nilimkuta kwenye korido, ndizi zikiwa chini, mlango uko wazi, naye hajaingia. Alikuwa anatazama ndani kama mtu aliyefika nyumba asiyoijua.

"Nani ameingia?" aliuliza.

Nilimweleza habari za waya, harufu, simu isiyopatikana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipiga hodi?"

"Hapana, mama. Sikupiga."

Alivuta mlango, akaufunga taratibu. Hakunigombeza, ningeshukuru kama angenigombeza. Alibeba ndizi zake akaondoka, na Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata.

Ndala zilibaki zimeangalia mlango. Vumbi likatua juu yake. Fundi cherehani alisema saa tisa inafika na haisikii kitu, na kwamba amegundua hapendi ukimya huo, unamfanya akosee mishono. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama kaka amehama. Mimi nilikuwa nafika kila siku, kwa kisingizio cha kusoma mita, kumbe nakwenda kutazama kama zimegeuka. Jambo lililokuwa limenitisha miezi yote, sasa nilikuwa naliomba lirudi.

Wiki ya tano nilishindwa. Nilikwenda stendi ya Msamvu, nikapata gari la Matombo, na kutoka mahali barabara ilipoharibika nikapanda kwa miguu nikiuliza njia. Nilimkuta uwani kwake akianika karafuu kwenye mkeka. Hakushangaa. Alinipa kigoda na maji, tukachambua vikonyo vya karafuu pamoja kwa muda, ndipo akaniambia.

Kijana wake alikipanga chumba kile alipokuja mjini kujifunza udereva. Alipofuzu, asubuhi moja alimpigia simu mama yake kwamba kuna tajiri amempa safari ya siku tatu, na kwamba ameacha shati lake la kanisani msumarini, atalirudia Jumapili. Hakurudi. Walikwenda polisi, hospitali, kwa matajiri wa malori. Hakuna aliyemjua tajiri huyo. Ilikuwa imepita miaka tisa. Wajomba, ambao ndio wenye neno kwenye ukoo wao, walitaka wafanye matanga. Yeye alikataa. Akaendelea kulipa kodi kwa hela ya ndizi na karafuu.

"Niliona akirudi akakuta kuna mtu mwingine chumbani, atajua tumeshamzika," alisema. "Na mwalimu, alikuwa anarudi. Nilikuwa nikiacha chakula, kinaliwa. Nikipiga hodi nasikia kitanda kinalia, kama mtu anainuka. Sikumwona, lakini mama hahitaji kuona."

Nilimwuliza siku ile alipofungua mlango aliona nini.

"Niliona chumba," alisema. "Chumba tu."

Nilianza kuomba radhi huku nalia. Aliniacha nilie kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema wiki zile tano amelala usiku mzima, kwa mara ya kwanza tangu kijana aondoke. Hajui kama anisamehe au anishukuru, na hana haraka ya kujua. Lakini ameshawaita wajomba.

Misa ilisomwa mwezi uliofuata kwenye kanisa la misheni, watu wakajaa. Mimi ni Mwislamu. Nilikaa nje ukutani na akina mama wawili wa mtaani, nikasoma Fatiha yangu kimya kimya. Nilikuwa nimepeleka vitu vya kijana: kitanda, shati, sahani. Baada ya chakula nilimvuta mama pembeni nikampa bahasha. Kodi aliyolipa ilikuwa bado na miezi miwili mbele, na dhamira yangu haikuniruhusu kubaki nayo. Aliirudisha mkononi mwangu akanifumba vidole.

"Ya siku alizokaa ni halali yako," alisema. "Na hiyo iliyobaki inunulie taa ya korido. Pale mwisho ni giza sana."

Nilinunua taa. Chumba nilikiacha kitupu miezi hiyo miwili, kisha nikampangisha mtu mmoja anayetengeneza vyerehani, mtu wa makamo mwenye kikohozi. Kabla hajalipa nilimweleza yote, akacheka akasema yeye anaogopa kodi kupanda, sio vivuli. Anakaa humo mpaka leo. Analalamika kuhusu maji, anachelewesha kodi wiki moja moja, na wakati wa kazi hufungulia redio mpaka majirani wanamnyamazisha. Hakuna lolote lililowahi kumtokea.

Nikipita Matombo msimu wa karafuu hukaa uwani kwa yule mama tukachambua vikonyo. Huniulizia nyumba, paa, wapangaji. Cha sita hakiulizii, nami sikitaji. Mwaka jana alinishauri nisiwape wanafunzi vyumba vya upande wa barabara kwa sababu ya kelele, na nikaona ni ushauri mzuri, nikaufuata.