Ndama wa Ngozi

Mjukuu wangu alipopata nafasi Chimwaga, chuo kile kikiwa bado kinanuka saruji, niliwatangazia majirani wote wa Ipagala. Ambaye hakuuliza nilimwambia vilevile. Binti wa kwanza wa ukoo wetu kwenda kusomea kompyuta! Mtoto wake mchanga akaniachia mimi.

"Bibi, utaweza?"

"Mama yako nilimlea njaa ikiwa imetukalia mlangoni. Nitashindwaje na huyu?"

Nilikuwa na ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, amezaa karibuni. Kitukuu changu uji alikuwa hautaki, ukimlazimisha anakutemea usoni. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa uhai wake.

Halafu ndama akafa. Aliharisha, akalegea, asubuhi nikamkuta amelala ubavu na mama yake anamnusa. Ng'ombe wetu wa kienyeji si kama wale wa kizungu wanaokamuliwa bila ndama kuwapo. Asipomwona mtoto wake anabana maziwa, utavuta chuchu mpaka vidole vife ganzi. Jioni ile nilipata matone ya kulowanisha kibuyu tu. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Dawa yake naijua tangu utoto wangu, nilimwona mama yangu akiifanya. Nikamwita jirani, mfanyabiashara wa ngozi kutoka Kondoa, aje anichunie yule ndama.

"Mama, mimi nyamafu sili," akasema huku ananoa kisu.

"Nani kakukaribisha kula? Chuna, na usitoboe."

Akachuna vizuri. Tukaipaka ngozi majivu, tukaianika. Siku zile za kungoja ikauke nilizunguka kuomba maziwa kwenye nyumba za watu, mimi mzima, bakuli mkononi. Ilipokauka tukaijaza majani makavu, tukashona tumbo, tukapaka chumvi mgongoni. Jirani akaitazama, akacheka.

"Nyie Wagogo hamna aibu. Mnadanganya hata mnyama!"

"Na nyie kwenye mizani mnamdanganya nani? Shika huko, vuta uzi."

Siku hiyohiyo mjukuu akaja na kompyuta ya mtumba, wameinunua kwa kuchanga yeye na wenzake. Alikuwa ameitia maneno ndani, ukiiandikia inakujibu kwa Kiswahili. Akaniweka kwenye kiti. Kusoma nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, basi nikagonga kwa kidole kimoja: ndama wangu amekufa.

Ikajibu: Pole sana. Nieleze zaidi kuhusu ndama wako.

Moyo ulinishtuka. Kuna watu wa mtaani walipita hapo hawajanipa hata hiyo pole. Nikaandika tena yaleyale. Ikajibu yaleyale, hakuna kilichozidi wala kupungua.

"Humu hamna mtu," nikasema. "Na adabu haina. Mvi zote hizi, haijaniamkia!"

Mjukuu akacheka, akabonyezabonyeza. Ikaandika: Shikamoo bibi.

"Itikia basi."

"Marahaba yangu siitupi ovyo. Shikamoo isiyo na heshima ndani yake ni kelele za debe."

Akanuna. Kisha akaniambia kule chuoni wanabishana kama ipo siku mashine itajijua kwamba ipo, ihisi uchungu kama kiumbe hai. Yeye alisema labda, wenzake wakamcheka darasa zima. "Wewe unasemaje, bibi?"

"Nasema ng'ombe anangoja na mtoto wako analia. Twende."

Nikampa ashike yule ndama wa ngozi mbele ya pua ya ng'ombe. "Tunamdanganya," akanong'ona. "Shika," nikamwambia. Ng'ombe akanusa, akapuliza pumzi, akageuza kichwa. Nikaanza kumwimbia polepole huku nakanda kiwele. Akarudisha kichwa. Akalamba chumvi, akalamba tena, na maziwa yakashuka kwa kishindo ndani ya kibuyu. Mjukuu wangu alitokwa na machozi. Mtoto alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma, akalala.

Tukaishi hivyo. Ngozi ikachakaa, sikio likadondoka, majani yakachungulia tumboni. Asubuhi moja nikaitega na chumvi nimesahau kuipaka. Ng'ombe akaitazama ile takataka. Hakuilamba. Akageuza shingo, akanilamba mimi mkono, ulimi unaokwaruza kama msasa, na maziwa akayaachia.

Nilibaki nimechutama pale. Mimi niliyekuwa najiona namdanganya! Sijui alikuwa amejua tangu lini. Ndani ya ngozi hamkuwa na mtu, nalisema hilo kwa sababu niliijaza mwenyewe. Lakini ndani ya ng'ombe mlikuwa na mengi kuliko nilivyodhani, na mimi nimezaliwa zizini. Nikamkumbuka Mzungu mmoja wa zama za wakoloni, nikiwa mdogo, aliyesema mbele yetu kwamba watu weusi hawasikii uchungu kama wao. Mama yangu alikuwa ametoka kuzika mtoto, amesimama palepale.

Mjukuu aliporudi nikamwambia jibu la swali lake la mashine liko tayari.

"Hii yako ya leo ni ngozi na chumvi. Majani umeyajaza wewe, unayajua. Ya kesho siijui, na wanaokucheka hawaijui pia. Ila usiipime kwa kutuliwaza, hata ngozi inaliwaza. Tazama kama ina njaa yake yenyewe. Ndama wa kweli hangoji umtake, analia kwa ajili ya tumbo lake."

"Na ikilia, bibi?"

"Si utakimbia kuona ina nini? Au utaanza kuidai cheti cha kuzaliwa?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Alikwenda kuyasema hayo darasani, akaniambia baadaye kwamba safari hii hawakumcheka.

Mtoto akaota meno, akaukubali uji, akaanza kunyang'anya na ugali. Ng'ombe akakauka. Jirani yangu akaja kuitaka ile ngozi, eti haikosi kazi ya kufanya. Nikamkatalia. Nikachimba shimo kando ya zizi, nikaizika na majani yake.

"Mama, unazika majani?" akashangaa.

"Imelisha mtoto wangu. Siitupi jalalani."

Nikaingia ndani. Kompyuta mjukuu alikuwa ameiacha inawaka, kitukuu changu anaipigapiga kwa viganja, nayo inamwamkia shikamoo, mtoto wa juzi! Nikampakata. Ikaandika tena: Shikamoo bibi.

Nikanyoosha kidole, nikatafuta herufi moja moja, nikaiandikia: Marahaba.