Nyuma ya Koti la Kaki

Baba yangu, Mutie, hakuwahi kutembea kando ya mke wake hata siku moja. Kwetu Nunguni njia ni nyembamba na vilima ni vikali, kwa hiyo mume hutangulia na mke hufuata na mzigo. Ati kukiwa na nyoka, akutane na mwanamume kwanza. Nikauliza, na mzigo je? Nikaambiwa, "Mbula, mdomo wako ni mrefu." Ni kweli, na sijaufupisha hadi leo.

Basi Mama yangu, Ndila, aliijua dunia kwa kufuata koti la kaki la Baba. Kwenda kanisani, koti. Kwenda sokoni, koti. Baba akifika kwenye kona hukohoa kidogo ili wa nyuma ajue alipo, na Mama hujibu kwa kukohoa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya njiani. Wakifika, utadhani wamepiga gumzo safari nzima.

Mwaka wa sabini na tano, dada yangu Mutindi, aliyekuwa nesi London, alijifungua mapacha kwa upasuaji. Mumewe alikuwa baharia, na meli yake ilikuwa mbali. Mutindi hangeweza kuinua hata sufuria, sembuse watoto wawili. Akatuma tiketi na neno moja tu, kwamba anamtaka Mama. Baba akaigeuzageuza ile tiketi ya mtu mmoja.

"Sasa nani atamtangulia?" akauliza.

Siku ilipofika tulikodi pikapu ya jirani yetu Muthama, tukateremka hadi uwanja wa ndege wa Embakasi. Mama alivaa sweta, leso ya manjano na viatu vipya vya raba. Mkononi alikuwa na kiondo kilichojaa unga wa mawele, kwa uji wa mzazi. Mlangoni akasimama kumngoja Baba aingie kwanza, na Baba akaingia kama mwenye uwanja.

Kwenye mizani karani akauliza, "Anayesafiri ni nani?"

"Ni huyu nyuma yangu," Baba akasema.

"Basi aje mbele, mzee."

Woi! Wazee wangu walisukumana pale kama mbuzi kwenye mlango wa zizi. Baba akisogea kulia, Mama anasogea nyuma yake kulia. Mwishowe nilimshika Baba mkono nikamweka kando. Sanduku likapimwa na kupelekwa, lakini kiondo Mama alikataa kukiachilia.

"Unga wa wajukuu wangu uende wapi peke yake?"

Karani alicheka, akamwachia.

Tukafika mlango wa mwisho. Askari aliyesimama hapo akasema ni wasafiri tu wanaopita. Baba alichukua pasipoti mkononi mwa Mama, akaitazama, akamrudishia, kisha akaichukua tena. Nilitaka kumtania nikashindwa.

"Nenda," akamwambia. "Huko ndani fuata watu."

Tulipanda roshani ya kupungia wasafiri. Ndege ya London ilikuwa pale chini, ngazi imeshawekwa, na watu walikuwa wakitembea kuielekea. Tukawatazama hadi wakaisha. Mama hakuwa kati yao. Halafu kipaza sauti kikaita: "Ndila Mutie, msafiri wa London, Ndila Mutie!"

"Hilo ni jina la mama yako," Baba akasema, ameshika chuma cha roshani kwa mikono miwili. "Mbona wanalipigia kelele hivyo?"

"Amepotea, Baba! Ndege itamwacha!"

Nilishuka ngazi mbio, nikilia. Akilini nilimwona Mutindi kitandani, watoto wawili wanalia na mikono ya kuwainua hakuna. Askari akanizuia, nami nikampigia kelele za mtu wa sokoni. Akatokea msichana wa kampuni ya ndege, Tumu jina lake, na kwa bahati kwao ni Kitui mjini, lugha yetu moja. Nikamwambia ni mama mfupi, mwenye leso ya manjano na kiondo. Akakimbia. Niliomba Mungu pale mlangoni kwa sauti, na askari akavua kofia.

Tumu aliporudi alikuwa anahema na kucheka.

"Alikuwa kwenye foleni ya Mombasa, nyuma ya mzee mmoja mwenye koti la kaki. Ati uso wa mzee haujui, lakini mgongo huo anaujua. Nimemfikisha mlango wa kutokea, dada. Panda umwone."

Nilipanda nikamweleza Baba. Hakucheka. Alilitazama koti lake, akaanza kulifungua vifungo polepole.

Ndipo Mama akatokea pale chini, peke yake kwenye ule uwanja mpana, kiondo mkononi. Hakuwa na mtu mbele yake.

"Mbula, mama yako ana nini mguuni?" Baba akauliza. "Ni hivyo viatu?"

"Si viatu."

"Ameumia humo ndani?"

"Huchechemea, Baba. Mguu wa kushoto. Aliteleza mtoni na debe la maji, akiwa na mimba yangu."

"Mimba yako wewe?"

"Yangu mimi." Na nilikuwa mtu mzima wa kuolewa.

"Mbona sijaona?"

"Ulikuwa mbele, Baba."

Nilijuta mara hiyo hiyo. Nilimpenda sana wakati huo, yule mzee wangu mkaidi. Mama alipofika juu ya ngazi akageuka, akawa anatafuta katikati ya watu wote wale. Baba akalivua koti akalipunga juu ya kichwa chake. Akakohoa, injini zinanguruma hivyo! Nami nilimwona Mama akipeleka mkono mdomoni.

Alikaa London hadi mapacha wakaota meno. Siku ya kurudi tulimteremsha sokoni Nunguni, akiwa amenona kidogo. Baba akachukua kiondo chake mbele ya watu wote, akasimama kando ya njia.

"Pita," akamwambia.

"Nipite wapi?"

"Mbele."

"Na nyoka?"

"Nitamwona nikiwa huku nyuma."

Wanawake wa sokoni walipiga vigelegele vya dhihaka. Mama alimtazama Baba, akatazama kiondo mkononi mwake. Akapita. Baba akamfuata polepole, macho yake kwenye ule mguu wa kushoto.

Walipofika kwenye kona, Mama akakohoa. Baba akamjibu.