Jogoo wa Mwalimu Zenon

Asubuhi ile darasani tulikuwa tunacheka tu. Mwalimu Zenon, Mpolandi aliyetufundisha hisabati Dodoma, aliandika ubaoni swali la nukta na mistari, akasema atakayelimaliza atapewa jogoo mzima. Kwao, alieleza, wanahisabati waliwekeana zawadi ya ndege hai. Swali lilitungwa na rafiki yake, akauawa katika Vita vya Pili vya Dunia kabla ya kumwonyesha jibu. Mwenyewe alivikimbia vita hivyo hadi kambi ya wakimbizi Kondoa, akabaki huku.

Ndahani, jirani yangu wa Chemba, akaninong'oneza kwamba jogoo huyo ni wake, yeye ameshamla.

Tulipomaliza shule tukaingia jeshini, na vita vya Kagera vikatukuta huko.

Ndahani hakutulia. Tukichimba handaki, anachora swali lile la Mwalimu kwa kijiti. Tukila, anachora. Nilimwambia aache, ananitia wazimu. Alasiri moja akanishika mkono, macho yamemtoka.

"Kaa hapa. Limekubali."

Akanichorea nusu ya kwanza kwenye ukuta wa handaki. Niliielewa. Haki ya Mungu, niliielewa.

Bomu likaanguka.

Udongo ukatufunika.

Nilitolewa mimi kwanza. Ndahani alipotolewa hakuwa hai, na ukuta ulikuwa umeporomoka.

Nilirudi, nikaoa. Maduka yalipojaa vitu tena, nikawa nauza mitumba. Lakini kila nikikiona kijiti vidole vinaniwasha. Nusu ya pili niliitafuta miaka yote hiyo, ikagoma. Mwishowe nikamfuata Mwalimu Zenon kule Makutupora, mzee sasa, akipogoa mizabibu yake.

Aliitikia shikamoo yangu huku mimi nimeshachuchumaa, nachora. Akaja kutazama, akakaa mavumbini na suruali yake safi.

"Njia hii sikuwahi kuiona," alisema. "Endelea."

"Imeishia hapo, Mwalimu. Ni ya Ndahani, handaki lilimfukia kabla hajaimaliza."

Akatazama ile michoro kitambo kirefu. Kisha akainuka, akamkamata jogoo wake, akamfunga miguu, akaniagiza nimpelekee mama yake Ndahani. Nilimkumbusha kwamba jibu ni nusu. Akasema analijua hilo.

Chemba nilimkuta mama anapepeta mtama. Hesabu ningeanzia wapi kumweleza?

"Mama, Ndahani alishinda."

"Alishinda nini, mwanangu?"

"Huyu jogoo."

Alimpokea, akamkumbatia, akalia. Nami nililia. Kisha akamfungua kamba, akamwacha atembee uani. Hajamchinja hadi leo.

Nyumba yangu inapakana na yake. Alfajiri jogoo anapowika, mimi nimeshaamka, niko nje na kijiti.