Salamu Iliyoua Dawa ya Mama

Nilipokuwa na miaka tisa niliua dawa ya mama yangu kwa kuitikia salamu. Leo naweza kusema hivyo nikacheka kidogo, lakini mwaka ule sikulala vizuri, na hata sasa nikisikia harufu ya mubirizi, yale majani machungu yanayoota nyuma ya nyumba nyingi kwetu Rusizi, hujikuta nimefumba mdomo.

Mama alikuwa amezika mtoto. Mdogo wangu aliishi siku nne tu, na tangu hapo mama alilala akitazama ukuta wa chumba chetu pale Kamembe. Hakula mpaka abembelezwe. Papa, fundi cherehani asiyejua kunyamaza, akawa anashona bila kusema na mtu. Majirani wakiuliza, tuliambiwa tujibu kwamba mama ana malaria. Malaria ya miezi miwili! Mimi niliogopa jambo moja: kwamba nitarudi kutoka shule nimkute amekwisha, uso ukiwa ukutani vilevile.

Papa akanituma Gashonga kwa Koko, yaani bibi mzaa mama. Koko alichuma mubirizi, akachanganya na mizizi ambayo hakunitajia jina, akafunga kwa jani la mgomba. Kisha akanishika mabega.

“Moyo ya maman yako ilibakia kule kwa kaburi ya mutoto. Hii dawa njo itaenda kuileta. Lakini iko na masikio. Ukisemesha muntu mu njia, itafuata ule muntu, itabakia kwake.”

“Na akinisalimia?”

“Unyamaze.”

Alimweleza dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, kila kitu yeye mwenyewe, ili nisipate sababu ya kufungua mdomo. Nilishukia sokoni Kamembe, kifurushi kifuani. Mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, jirani yetu, akaniita: “Zaituni! Maman iko aje?” Niliinamisha kichwa nikapita. Nyuma yangu nikamsikia akisema batoto ba siku hizi bamejaa kiburi. Zilibaki nyumba kama kumi hivi nifike kwetu.

Hapo akatokea maalimu wetu wa madrasa. Huyu ndiye aliyetufundisha, kwa mdomo na kwa fimbo, kwamba kuitikia salamu ni wajibu na asiyeitikia anapata dhambi.

“Assalaam alaykum, Zaituni.”

Akasimama akingoja. Upande huu Koko, upande ule Mungu, na mimi katikati na majani yangu.

“Waalaykumu salaam.”

“Maman anaendelea aje?”

“Hajambo.”

Kwa hiyo niliua dawa na kusema uongo papo hapo.

Nyumbani sikumwambia mtu. Papa akachemsha, mama akanywa, akakunja uso, akarudi ukutani. Kila asubuhi nilimchungulia kuona kama anapumua. Na kule madrasa ndiko mambo yalikoniharibikia kabisa, kwa sababu maalimu, ambaye sikuwahi kuona meno yake, alianza kucheka. Alicheka tukikosea, akacheka tukipatia. Baadaye nilisikia alikuwa amepata mchumba, lakini wakati ule nilijua ni dawa yetu. Kile kilikuwa kicheko cha mama yangu, na mtu mwingine alikuwa anakitumia bila hata kujua.

Siku ya kumi nilimpelekea mama kikombe, nikamwaga nusu.

“Maman, usikunywe. Ilishakufa. Nilimujibu maalimu mu njia. Moyo yako iko kwake.”

Hakugeuka. Nikamweleza yote, kamasi zikinitoka.

“Alikuuliza nini?” akasema kwa ukuta.

“Aliuliza uko aje.”

“Ukajibu nini?”

“Nilisema hujambo.”

Ndipo akageuka. “Siko muzima, Zaituni. Siko muzima hata kidogo.”

Akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi, kwa sababu walimwambia mtoto wa siku nne haliliwi sana. Majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Muuza sambaza ndiye aliyefika kwanza. Akaketi kitandani akamshika. Yeye alikuwa amezika wawili. Kesho yake alirudi na uji, na ndiye aliyempeleka hospitali, ambako ugonjwa ulipewa jina lake: agahinda gakabije, huzuni iliyomzidi mtu. Hakupona upesi. Alimeza vidonge karibu mwaka mzima, na kuna siku alirudi ukutani.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Koko ni nani alimfundisha kwamba dawa ina masikio. Aliangalia mikono yake.

“Hakuna. Niliogopa utasema mu soko maman yako anaangaliaka ukuta siku muzima. Bantu bangesema iko na wazimu.”

Nilimkasirikia, na hasira ile ilikaa sana. Lakini alikuwa anamlinda binti yake kwa njia aliyoijua, na mimi ni nani, niliyesema “hajambo” bila kufundishwa na mtu?

Mwaka jana ilifika zamu yangu ya kuugua huzuni ileile. Daktari aliniandikia vidonge, akanionya nisichanganye na majani yoyote kabla ya kumwambia. Mama, ambaye sasa analima shamba la Koko kule Gashonga, alitaka kunitumia mubirizi hata hivyo. Alimpa binti yangu wa miaka kumi, ambaye naye humwita Koko, aniletee. Mtoto alichelewa zaidi ya saa nzima, na mimi, ambaye siku hizo sikuwa na nguvu hata ya kuchana nywele, nilisimama mlangoni nikiangalia njia.

“Ulikuwa wapi?”

“Koko alisema nijibu kila muntu. Akiuliza maman iko aje, niseme kweli.”

Nilitaka kumgombeza. Nyuma yake walikuwa wamesimama wanawake watatu wa sokoni, mmoja ameshika chupa ya chai.

Mubirizi sikuuchemsha. Niliuweka juu ya kabati, nikaenda kutafuta vikombe.