Miezi Mitatu Ndani ya Damu

Adalbert alifundisha michezo katika shule moja ya Ibanda kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu akanenepa, na ugonjwa wa sukari ukampata. Kwenye kituo cha afya alikotibiwa, wagonjwa wa sukari walikutana kila mwezi, na kila mmoja alieleza anavyotembea. Zamu yake ya kwanza ilipofika, aliona haya kusema kwamba hata kupanda kutoka kwake hadi barabarani kulimkata pumzi.

"Mimi kila asubuyi natoka kwangu Panzi kwa miguu mpaka kule juu, mtaa wa Essence," alisema, "na narudia kwa miguu."

Wakampigia makofi. Tangu siku hiyo hakujua atoke vipi katika uongo huo. Asubuhi alivaa viatu vya michezo, akashuka hadi kwa shemeji yake Aloys, akaketi huko akinywa chai ya sukari na mandazi hadi saa mbili. Siku mbili kabla ya mkutano alikula mboga za lengalenga tu na kutembea kwa nguvu. Wakimchoma kidole, sukari ilikuwa nzuri.

"Mufanye kama mwalimu," Fabien, muuguzi, aliwaambia wengine.

Mwezi wa sita kikaja kipimo kingine, cha damu ya mshipa.

"Hii haiko inaangalia jana tu," Fabien alieleza. "Inaonyesha sukari yenye imekamata mu damu miezi tatu yote."

Adalbert alipoitwa kupokea majibu, Fabien alikuwa amekunja uso.

"Papa, dix virgule six! Kumi na zaidi, na haifai kupita saba. Mutu mwenye kutembea vile! Basi vidonge vimeshindwa. Nitaambia docteur tuanze sindano ya insuline."

Adalbert akatoka. Nje alikutana na Olive, mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu. Olive alimshika mikono yote miwili.

"Ni weye umeniponyesha, Mwalimu! Nilijiambia, kama muzee ule anapanda, mimi nashindwa nini? Nikaacha kupanda pikipiki, nabeba beseni yangu kwa miguu. Nilikuwa na onze, kumi na moja, leo niko na sept, saba tu!"

Akamtia mkononi mfuko wa sambaza. Adalbert akaupokea. Usiku huo familia yake ilikula sambaza hizo, naye akala pamoja nao.

Kesho yake alirudi kwa Fabien. "Sikutembeaka," alisema. "Hata wiki moja nzima."

Fabien aliweka kalamu chini. "Nilikuwa karibu kutibu uongo, papa." Kisha akasema, "Tungoje na sindano. Lakini kwa mukutano utasema weye mwenyewe."

Alisema, amesimama, kofia mkononi. Mtu mmoja nyuma alicheka. Olive hakucheka.

"Ile siku nilikuwa nakushukuru, ulikuwa unajua ni uongo?"

"Nilikuwa najua, maman."

"Na sambaza ulikula?"

"Nilikula."

Olive akageuza uso.

Adalbert alianza kutembea asubuhi iliyofuata. Alisimama mara tano, na Essence hakufika. Olive alimpita na beseni kichwani bila kumsalimu. Fabien alikuwa amemweleza kwamba msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na huendelea kuivuta kwa saa nyingi hata mtu akipumzika. Ndiyo maana siku mbili zilitosha kudanganya kidole, lakini hazikuweza kudanganya miezi mitatu. Wiki ya saba alifika Essence. Alikaa kando ya barabara, na hakumwambia mtu.

Mwezi wa tisa wakampima tena: huit virgule un, yaani nane nukta moja, na mafuta ya damu yameshuka pia. Sindano haikuhitajika. Fabien alitaka kutangaza mkutanoni.

"Tafazali," Adalbert alisema, "usinisimamishe mbele yao."

Alikunja karatasi akaitia mfukoni. Siku hizi wakikutana njiani, Olive humsalimu kwa kifupi, bila kusimama. Adalbert huitikia akiangalia chini, kisha huendelea kupanda.