Tumaini na mlio wa debe

Jamani wa nyumbani Ipelele, nimemfundisha mtoto wa jirani kukimbia, na leo nusura nimuue.

Tumaini, binti wa miaka mitano hapa kambi ya kukata miwati, miti ya magome ya kusindika ngozi, hasemi wala hatazami mtu. Alikuwa akishinda ameketi, anapanga magome. Mama yake akaniomba, "Kaka, nisaidie hata atembee."

Nikapiga debe, nikatangulia. Akanifuata! Siku hadi siku, mwendo ukawa mbio.

Lakini nyapara naye huwaita wakata miti kwa debe. (Sikulifikiria hilo, mjinga mimi.) Leo lilipolia, Tumaini alichomoka. Tulimkuta chini ya mti uliokwishakatwa nusu, anatabasamu.

Sasa mama yake anasokota kamba.

"Kesho namfunga mguu, kaka. Usiniambie kitu."

Ninyi mngemwambia nini? Alfajiri debe litalia.